Tani kwa siku zimepanda wiki ya tano: je, ngisi wameongezeka?

Swali: Nasomea takwimu za uvuvi, na nimepewa kazi ya mazoezi kuhusu ngisi wanaovuliwa kwa nyavu za kukokota kuzunguka visiwa vya Falkland, kusini mwa Bahari ya Atlantiki. Nina mavuno ya kila siku ya kila meli kwa wiki tano. Nimegawa jumla ya tani kwa idadi ya siku ambazo meli zilivua. Wiki nne za kwanza kiwango kilishuka kutoka tani 18 hadi 13 kwa siku, halafu wiki ya tano kikaruka hadi 17. Nikichora mstari wa kupungua, wiki hiyo inauvuruga wote. Mwenzangu anashauri nitumie saa za kukokota badala ya siku. Nipime nguvu ya uvuvi kwa kipimo gani? Na ongezeko hilo lina maana gani?

Jibu: Wewe na mwenzako mnabishana juu ya asili ya sehemu (namba ya chini, unayogawia), kumbe kasoro kubwa iko kwenye kiasi (namba ya juu, inayogawanywa). Kabla hujachagua kati ya siku na saa, acha kuhesabu tani. Hesabu ngisi.

Ngisi huyu, Doryteuthis gahi, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Loligo gahi, huishi takriban mwaka mmoja tu. Hutagwa kwenye maji mafupi karibu na pwani, mayai yakiwa yamebandikwa kwenye mashina ya mwani mkubwa. Wadogo huteremka kwenye kina kirefu zaidi kujilisha, na huko ndiko meli zinakowakuta. Wakikomaa hurudi maji mafupi, hutaga mara moja, hufa. Akiwa kwenye uwanja wa uvuvi anakua kila siku. Kwa hiyo tani moja ya mwanzo wa msimu na tani moja ya mwezi mmoja baadaye si idadi moja ya wanyama, na mbinu ya kukadiria hifadhi (yaani ngisi wote waliopo kwenye uwanja wa uvuvi) kwa kufuatilia upungufu imejengwa juu ya idadi ya wanyama, si uzito wao.

Chukua mfano wa kubuni wenye namba zinazofanana na zako. Siku ya kwanza meli moja inapata ngisi 400,000 kwa siku, kila mmoja ana gramu 45 kwa wastani: hizo ni tani 18. Baada ya siku 28 inapata ngisi 220,000, ila sasa wana gramu 60: tani 13.2. Kwa tani, kiwango kimeshuka kwa asilimia 27. Kwa idadi, kimeshuka kwa asilimia 45. Anayesoma tani peke yake anaona nusu ya habari, kwa sababu ukuaji unafunika vifo.

Kupata idadi unahitaji uzito wa wastani wa kila siku, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika kimya kimya. Ngisi hawa kwa kawaida hugandishwa wazima, kwa hiyo huna taabu ya kurudisha uzito wa minofu kuwa uzito wa samaki mzima. Lakini bado kuna katoni. Mavuno ya meli mara nyingi ni idadi ya katoni mara uzito ulioandikwa juu yake. Maji yaliyoganda na katoni zilizojazwa kupita kiasi huingiza kosa ambalo halionekani kwenye daftari. Pima katoni chache kwa mizani na upate kigezo cha kusahihisha kwa kila meli.

Kisha madaraja ya ukubwa. Kiwandani ndani ya meli ngisi huchambuliwa kwa ukubwa kabla ya kugandishwa, na ripoti huonyesha kilo za kila daraja. Ukijua uzito wa wastani wa ngisi mmoja katika kila daraja, gawa kilo za daraja kwa uzito huo, jumlisha idadi zote, ndipo ugawe jumla ya kilo kwa jumla ya idadi. Usifanye wastani wa wastani. Na usidhani daraja la "kati" la meli moja ni sawa na la meli nyingine. Mipaka hutofautiana, na msimamizi wa kiwanda anaweza kuisogeza soko likibadilika. Waangalizi walio melini ndio wa kukuokoa: sampuli ya ngisi 100 hadi 200 kwa mkokoto, waliochotwa kwenye ukanda kabla ya uchambuzi, kwa vikapu vya mwanzo, katikati na mwisho wa kumwaga mfuko wa wavu. Sampuli iliyochotwa baada ya uchambuzi ni sampuli ya mchambuzi, siyo ya bahari. Kwa kila ngisi andika urefu wa mwili, jinsia na hatua ya kukomaa. Utaona muda si mrefu kwa nini hatua ya kukomaa ina thamani kuliko inavyodhaniwa.

Sasa asili ya sehemu. Nguvu ya uvuvi ni kile wavu ulichofanya penye ngisi, si kile meli ilichofanya baharini. Vipimo vinavyotumika ni vinne, na kila kimoja kinadanganya kwa namna yake.

Idadi ya mikokoto ndiyo dhaifu kuliko yote, maana mkokoto mmoja unaweza kuwa wa saa moja na mwingine wa saa sita. Iache, isipokuwa huna kingine.

Saa za kukokota ni bora, mradi ujue saa inaanzia wapi. Hesabu kuanzia wavu umetulia kwenye sakafu ya bahari na breki za winchi zimefungwa, hadi winchi inapoanza kuvuta. Wanaoandika kuanzia mfuko wa wavu unapotupwa majini huongeza muda wa kushuka na kupanda, na kwenye kina cha mita 200 muda huo si mdogo. Meli moja ikiandika hivi na nyingine vile, tofauti ya watunza daftari itaonekana kama tofauti ya ngisi. Udhaifu mwingine wa saa ni kwamba hazina muda wa kutafuta. Nahodha anayezunguka nusu ya siku akitazama kipima mwangwi, kisha akakokota saa mbili juu ya kundi nono, ataonyesha kiwango kizuri cha mavuno kwa saa hata kama bahari imebaki na makundi matatu tu.

Eneo lililofagiwa ni kasi mara muda mara upana wa mdomo wa wavu. Mkokoto wa saa 3 kwa noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa) hukata kilomita 22.2, mdomo ukiwa na upana wa mita 40, eneo ni kilomita za mraba 0.89. Kipimo hiki ni cha lazima kwenye utafiti wa kabla ya msimu, ambako unataka msongamano kwa kilomita ya mraba. Kwenye data za biashara kinahitaji vipima upana kwenye wavu, na bila hivyo utakuwa unazidisha saa kwa namba ya kudhani. Jihadhari pia usichanganye umbali kati ya milango ya wavu (vibao vinavyoutanua) na umbali kati ya mabawa yake (kingo za mdomo wenyewe). Wa kwanza ni mkubwa mara kadhaa, na makadirio yako ya hifadhi yatageuka kwa kiwango hicho hicho.

Siku-meli, yaani meli moja kwa siku moja ya uvuvi, inaonekana kipimo cha kizembe, lakini kwa modeli ya kila siku ndiyo ninayoipendekeza. Ndani yake muda wa kutafuta umo. Ni ngumu kuiandika vibaya. Na kwenye uvuvi huu leseni za msimu hutolewa kwa kundi dogo la meli zinazofanana, kwa miaka mingi takriban 16, zote zikivua kwenye eneo moja la mashariki na kusini mwa visiwa linaloitwa Loligo Box. Ila isafishe kwanza. Ondoa siku ambazo wavu haukuingia majini kabisa: siku za dhoruba, za winchi iliyovunjika, za kuhamisha shehena kwenye hori ya Berkeley Sound. Usiondoe siku ambayo meli ilikokota ikapata kidogo au ikakosa kabisa. Hiyo ni habari, na kuifuta ni kujipa bahari yenye ngisi wengi kuliko walioko.

Kuna mitego miwili ya siku-meli ambayo wanafunzi wengi hawaioni. Wa kwanza ni mwanga. Ngisi huyu mchana hujikusanya karibu na sakafu ya bahari, usiku hutawanyika na kupanda juu, kwa hiyo kazi ya kukokota ni ya mchana. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tunasahau kwamba siku huko si saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwenye latitudo ya nyuzi 52 kusini, mwisho wa Februari mchana unakaribia saa 14. Mwisho wa Aprili haufiki 10. Msimu wa pili wa mwaka unakwenda kinyume: mwisho wa Julai ni kama saa 9, mwisho wa Septemba ni zaidi ya 12. Siku-meli moja ya Aprili ni nguvu ndogo kuliko siku-meli ya Februari, na usiporekebisha utasoma kufupika kwa mchana kama kupungua kwa ngisi. Katika msimu wa pili kosa linageuka na kuwa la hatari zaidi, maana mchana unaorefuka unaficha upungufu. Weka urefu wa mchana kama kigezo ndani ya modeli, au linganisha siku na saa ili uone kama uwiano wake unateleza.

Mtego wa pili ni friza. Meli yenye uwezo wa kugandisha tani 50 kwa siku itaonyesha tani 50 ngisi wakiwa wengi, na itaonyesha tani 50 wakiwa wengi maradufu, kwa sababu nahodha atasimamisha wavu akisubiri kiwanda kimalize. Chora saa za kukokota dhidi ya mavuno kwa saa, meli kwa meli. Ukiona saa zinapungua pale mavuno kwa saa yanapopanda, basi friza ndiyo inayopanga namba zako, na kwa siku hizo mwenzako ana haki: tumia saa.

Tukifika kwenye mstari wako wa kupungua, huo ni mtindo wa Leslie na Davis wa 1939, ndugu wa ule wa DeLury wa 1947. Wazo lake ni jepesi: kiwango cha mavuno ni sawa na q mara idadi ya ngisi waliobaki, na q ni sehemu ya hifadhi inayochukuliwa na kipimo kimoja cha nguvu. Chora kiwango cha mavuno dhidi ya jumla ya ngisi waliokwisha kuvuliwa; mteremko ni q, na mahali mstari unapokata mhimili wa chini ndiyo hifadhi ya mwanzo. Kwa samaki wanaoishi miaka mingi, wiki nne ni muda mfupi na vifo vya asili vinaweza kupuuzwa. Kwa ngisi hapana.

Kiwango cha vifo vya asili kinachotumika kwa ngisi huyu ni 0.0133 kwa siku, sawa na takriban 0.4 kwa mwezi. Rudi kwenye mfano. Tuseme hifadhi ya kweli ilikuwa ngisi milioni 800, meli 16, q ikiwa 0.0005 kwa siku-meli. Meli zote kwa pamoja zinachukua 0.008 ya ngisi kwa siku. Maradhi na wanyama walao ngisi wanachukua 0.0133, zaidi ya meli zenyewe. Baada ya siku 28 wamebaki takriban milioni 441, na waliovuliwa ni milioni 135 tu. Mstari wako hauna habari na wale milioni 224 waliokufa wenyewe. Unaona kiwango kimeshuka kutoka 400,000 hadi 220,000 wakati nyavu zimechukua milioni 135, unapata q ya 0.00133, na unatangaza kwamba hifadhi ya mwanzo ilikuwa milioni 300. Kwa hesabu hiyo wamebaki milioni 165. Kwa gramu 60 ni tani 9,900. Ukweli ni takriban tani 26,400.

Tofauti hiyo si ya darasani. Uvuvi huu unasimamiwa kwa kuacha wazazi wa kutosha, na mpaka uliowekwa ni tani 10,000 za ngisi wawepo mwisho wa msimu. Mstari usio na vifo vya asili ungefunga uvuvi siku hiyo hiyo bila sababu.

Kwa hiyo acha mstari, fuatilia idadi siku kwa siku. Ngisi wa kesho ni wa leo mara e kwa kipeo cha −M (M ni kile kiwango cha vifo vya asili kwa siku, na e ni namba ya logi asilia, takriban 2.718), kutoa mavuno ya leo mara e kwa kipeo cha −M/2, tukichukulia mavuno yanatokea katikati ya siku. Mavuno yanayotarajiwa leo ni q × siku-meli za leo × ngisi wa leo × e kwa kipeo cha −M/2. Tafuta q na idadi ya mwanzo zinazofanya tofauti kati ya logi ya mavuno halisi na logi ya yaliyotarajiwa iwe ndogo kuliko zote. Lahajedwali yenye kitatuzi inatosha kwa jaribio la kwanza.

Ndipo tunafika kwenye wiki yako ya tano. Jibu fupi: ndiyo, huenda wameongezeka, lakini si kwa kuzaliana. Ngisi wapya wameteremka kutoka maji mafupi na kuingia uwanjani. Hawaingii kama mvua ya rasharasha. Wanakuja kwa mawimbi, mara moja au mara kadhaa kwa msimu. Katika mfano wetu, wageni milioni 200 wakiingia siku ya 29 wakiwa na gramu 40, kiwango kwa idadi kinaruka kutoka 220,000 hadi 320,000, uzito wa wastani unashuka kutoka gramu 60 hadi 54, na kwa tani unasoma 17.2. Ndiyo namba yako.

Lakini usikubali wimbi kwa sababu tu kiwango kimepanda. Hali nzuri ya hewa hupandisha kiwango. Meli zote kuhamia kwenye kundi moja hupandisha kiwango. Wimbi la kweli lina alama nyingine: uzito wa wastani unashuka ghafla, sehemu ya ngisi wasiokomaa inaongezeka, na mabadiliko hayo yanaonekana kwa meli nyingi ndani ya siku mbili tatu. Ndiyo maana nikasisitiza waangalizi waandike hatua ya kukomaa. Kiwango kikipanda huku ngisi wakiendelea kunenepa kama kawaida, shuku q, usilikubali wimbi. Ukiwa na ushahidi, weka siku ya wimbi kama ilivyo na ongeza kigezo kimoja: idadi ya wageni walioingia siku hiyo. Mawimbi mawili, vigezo viwili. Kila kinachoongezwa hufanya modeli ikae vizuri kwenye data, kwa hiyo pima kama ubora ulioongezeka unastahili kigezo kilicholipiwa. Nimeona ni salama kugombana na wimbi la pili kuliko kulikaribisha kwa urahisi.

Fanya hesabu ya kaskazini na kusini kando pia, mgawanyo ukiwa karibu na nyuzi 52. Wimbi linaweza kuingia upande mmoja, meli zikalikimbilia, na upande wa pili ukaonekana umekufa kumbe umeachwa tu. Kwa kazi hii viraba vya ripoti vya robo digrii kwa nusu digrii ni vikubwa mno: kila kimoja kina karibu kilomita za mraba 950, na kundi la ngisi ni kipande kidogo humo. Tumia mahali mkokoto ulipoanza na ulipoishia, ukihakikisha kwa data za ufuatiliaji wa meli kwa satelaiti.

Hata baada ya haya yote, q na idadi ya mwanzo zinavutana: ngisi wengi wenye q ndogo hutoa karibu mavuno yale yale ya ngisi wachache wenye q kubwa. Data za mavuno peke yake mara nyingi haziwezi kuamua. Ndiyo sababu kila msimu hutanguliwa na utafiti wa takriban wiki mbili, ukifanywa na moja ya meli za uvuvi wenyewe, mikokoto kama minne kwa siku, kila mmoja wa saa mbili. Makadirio ya utafiti, pamoja na upana wa shaka yake, huingizwa kwenye modeli kwa mtindo wa Bayes kama taarifa ya awali. Kama kazi yako ya mazoezi imekuja na data za utafiti, usiziache pembeni.

Ukilinganisha misimu ya miaka tofauti, usibebe q ya mwaka mmoja kwenda mwingine. Nyavu zinakua, meli za zamani zinabadilishwa, na tangu 2017 meli zimewekewa vifaa vya kuwatoa sili wavuni, ambavyo vinaweza kubadilisha jinsi wavu unavyovua. Kwa mkokoto mmoja mmoja, sawazisha kwa modeli yenye meli, eneo, kina na saa ya siku kama vigezo, na uangalie tarehe imebaki na athari gani baada ya hivyo kuondolewa.

Neno kwa wanaofikiria kuhamishia hesabu hii kwenye ngisi wanaonaswa na meli zinazovua kamba (kambamiti) kwenye Ghuba ya Ungwana, pwani ya Kenya: msihame nayo kama ilivyo. Ngisi wa maji ya joto hutaga kwa miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo wageni huingia karibu wakati wote na huna kipindi safi cha kupungua cha kupima. Tena huko ngisi si walengwa; nahodha anafuata kamba, na saa zake za kukokota ni nguvu ya kuvua kamba.

Kwa kazi yako, fuata mpangilio huu: geuza tani kuwa idadi kwa uzito wa kila siku, tumia siku-meli zilizosafishwa, urefu wa mchana ukiwa ndani, M iwe 0.0133, wimbi moja siku uzito wa wastani uliposhuka. Kisha rudia yote kwa saa badala ya siku. Hifadhi ya mwisho ikitofautiana kwa zaidi ya theluthi, rudi kwenye mchoro wa friza kabla ya kugusa modeli.